Makatoni ya Buta

Mwaka 2015 nilifungasha jimbo zima ndani ya makatoni ya sabuni. Nilikuwa karani wa nyaraka katika biro moja ya serikali, komini ya Makiso, hapa Kisangani. Jimbo letu la Mashariki, lenye zaidi ya kilomita za mraba laki tano, lilikuwa limekatwa vipande vinne: Tshopo ilibaki na Kisangani, Ituri ikapewa Bunia, Haut-Uele ikapewa Isiro, Bas-Uele ikapewa Buta. Katiba ya 2006 ilikuwa imeamuru majimbo 11 yawe 26, Kinshasa ikihesabiwa, ili mwananchi asiteseke kufuata mhuri mbali. Niliunga mkono wakati ule, na leo bado naunga mkono.

Kazi yangu ilikuwa kutenga mafaili: ya watu wa Aketi na Bondo huku, ya Isangi kule. Karatasi nyingine zilikuwa za enzi za Wabelgiji, mchwa wamezila pembeni, ukizishika zinavunjika kama majani makavu ya mgomba. Nilifunga makatoni kwa kamba, nikaandika BUTA kwa kalamu nyekundu, nikayapanga kwenye korido. Gari la kuyabeba halikuja. Wenzangu wawili waliopangiwa Buta walitangulia kwa pikipiki, godoro limefungwa nyuma, wake na watoto wamebaki Mangobo.

Kutoka hapa hadi Buta ni zaidi ya kilomita 300. Unapita Banalia, unavuka mto Aruwimi kwa kivuko, na mvua ikinyesha unalala njiani.

Mama mmoja mjane alikuja kwa njia hiyo. Alikuwa ameanzia Buta, wakamwambia faili la marehemu mumewe, mwalimu, liko Kisangani. “Papa,” akaniambia, “si mlisema serikali imehamia kwetu?” Nililipata katika katoni la tatu. Aliliona jina la mumewe kabla yangu, akaliwekea kidole, hakukiondoa. Ilinibidi nimwambie kwamba mkubwa wa kutia sahihi sasa yuko Buta.

Si mara ya kwanza jimbo letu kukatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa na Haut-Congo, Uele na Kibali-Ituri, kisha mwaka 1966 Mobutu akaunganisha tena. Kuhamisha serikali nako si jambo jepesi: Watanzania waliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu yao Dodoma, lakini wizara zilihama kwa wingi baada ya 2016, na wao walikuwa na lami kutoka Dar es Salaam. Katiba yetu, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Fedha hizo zingefika kamili, nyumba za wafanyakazi na gari la mafaili visingekuwa shida.

Nawasihi wakubwa wa Tshopo na Bas-Uele: kabla ya kujenga ofisi nyingine, tumeni gari Makiso. Siku niliyostaafu, makatoni 14 yalikuwa bado kwenye korido ile.