Tukijadiliana dini, muulize mwenyewe

Pwani haijapata kupungukiwa na mijadala ya dini. Zamani ilikuwa mihadhara viwanjani, kipaza sauti kwa kipaza sauti. Siku hizi imehamia kwenye simu. Jirani Mkristo na jirani Muislamu wananunua mahamri kwa mama mmoja asubuhi, na usiku wanatumiana aya za kushindana mpaka wanaacha kuamkiana. Makala haya nimewaandikia hasa ndugu zetu Wakristo wanaotaka kuzungumza nasi dini bila ya kuvunja ujirani. Lakini nasi Waislamu tuyasome, maana kipimo ni kimoja.

Mfano mzuri kwa Mkristo umo katika historia yetu wenyewe. Karibu mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walikimbia mateso ya Makka wakavuka bahari hadi Habasha, ambayo leo ni Ethiopia na Eritrea, kwa mfalme Mkristo tunayemwita Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe wawili na zawadi, wakiomba wakimbizi warudishwe bila hata ya kusikilizwa. Mfalme akakataa. Aliwaita Waislamu, akawauliza wenyewe dini yao ni ipi. Jaafar bin Abi Talib akajibu, kisha akamsomea sehemu ya Surat Maryam. Siku ya pili wajumbe wakarudi na fitina nyingine: hawa wanasema jambo zito juu ya Isa. Mfalme akawaita tena, akauliza tena. Jaafar hakuficha wala hakutukana. Alieleza kwamba kwetu Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na mtume wake, aliyezaliwa na Maryam aliye bikira. Wajumbe wakarudishiwa zawadi zao, na Waislamu wakabaki kwa amani. Vitabu vyetu vinaeleza kuwa baadaye Najashi alisilimu, lakini siku ile aliamua akiwa mfalme wa Kikristo.

Katika kisa hiki mna mambo manne ya kushika.

La kwanza, muulize mwenyewe. Usimwambie mtu anachoamini. Mkristo anayeanza mazungumzo kwa kusema "nyinyi mnaabudu mungu wa mwezi" ameufunga mlango kabla hajapiga hodi. Wakristo Waarabu nao humwita Mungu Allah, na katika Biblia yao ya Kiarabu ndilo neno lililoandikwa. Na Muislamu anayesema "nyinyi mna miungu watatu" amefanya yale yale. Muulize Mkristo, atakwambia anamwabudu Mungu mmoja. Unaweza kuukataa Utatu, na sisi tunaukataa, lakini kataa kile anachokisema yeye, si ulichomtungia.

La pili, aya isikatwe. Wakristo wengi hututumia aya ya 5 ya Surat Tawba, ile ya kupigana na washirikina, wakasimama hapo. Aya ya 6 inayofuata inaamrisha kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Nasi tuna yetu. Mara ngapi mtu ameinua Luka 19:27 kuonyesha kwamba Yesu aliamuru watu wachinjwe? Yale ni maneno ya mfalme aliye ndani ya mfano aliokuwa akiuhadithia. Kabla ya kutuma aya, soma iliyotangulia na inayofuata, kisha umuulize mwenye kitabu wao huielewa vipi.

La tatu, watukufu wa watu wataje kwa heshima. Hatumlazimishi Mkristo kumswalia Mtume. Akisema "Mtume wenu Muhammad" inatosha, na mazungumzo yataendelea. Akimfanyia mzaha, hakuna hoja itakayosikika tena, hata kama alikuwa nayo nzuri. Na Qur'ani, katika Surat An'am, inatukataza sisi kuwatukana wanaoombwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua.

La nne, mtu asibebeshwe makosa ya mwingine. Agosti 2012, baada ya Sheikh Aboud Rogo kuuawa, makanisa yalishambuliwa mjini Mombasa. Machi 2014 waumini walipigwa risasi ndani ya kanisa Likoni. Muislamu wa mtaani aliyelia pamoja na jirani yake hakustahili kuambiwa "nyinyi ndivyo mlivyo". Vilevile, miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa Shakahola kuanzia 2023 haiwezi kuwekwa mlangoni kwa kila Mkristo wa Kilifi.

Kuna watakaosema adabu hii ni woga, kwamba haki isemwe tu. Adabu si kuficha. Jaafar aliisema itikadi yake mbele ya mfalme na maaskofu wake, tena akiwa mkimbizi asiye na pa kwenda. Karne ya 19, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi Unguja, alijadiliana na wamishonari na bado alijuana vizuri na Askofu Edward Steere. Kila mmoja alibaki na dini yake.

Vitabu vyote viwili viko upande huu. Surat Ankabut, aya ya 46, inatuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unamtaka Mkristo awe tayari kueleza tumaini lake, lakini kwa upole na heshima. Sheria nayo imo: Katiba, ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na kifungu cha 138 cha Kanuni za Adhabu kinafanya kuwa kosa kusema au kuandika kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwingine.

Basi ndugu yangu Mkristo, ukitaka kujua kwa nini tunafunga, kwa nini hatuli nguruwe, au tunasema nini juu ya Yesu, uliza, tutakujibu. Nasi tukikuuliza, tujibu. Na mjadala ukipanda joto, yeyote kati yetu anaweza kusema "tuuwache hapa, tutaonana kesho". Anayesema hivyo hajashindwa, na kesho atakuwa na mtu wa kuamkiana naye.