Ramani ya Vipokezi vya Afyuni katika Ubongo wa Panya

Mnamo mwaka 1973, huko Baltimore, Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walithibitisha kuwa ubongo wa panya una vipokezi vya afyuni, yaani mahali maalumu ambapo mofini hunasa. Ili kuvichorea ramani, wataalamu huukata ubongo vipande vyembamba, huviloweka katika dawa yenye mnururisho, kisha huvilaza juu ya filamu. Palipo na vipokezi vingi, filamu huwa nyeusi. Vipokezi hivyo vimeonekana katika uti wa mgongo, njia ya maumivu, na vilevile katika shina la ubongo, linaloongoza pumzi. Hapo ndipo faida ya ramani inapodhihirika: dawa ile ile itulizayo maumivu, ikizidi kipimo, huweza kuikata pumzi ya mgonjwa.