Mzazi, hesabu mtihani kabla ya bei ya vitabu

KIGONGO, Mwanza: Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 19, 2025, foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi imekwisha, na mzigo unaotoka Mwanza mjini kwenda Sengerema na Geita haulali tena njiani. Boksi la vitabu nalo hupita hapo hapo. Mzazi Mkristo wa pande zote mbili za daraja anayetaka kumfundisha mwanawe nyumbani, kwa vitabu vyenye mafundisho ya Biblia, hana tena kisingizio cha usafiri. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu hiyo wengi huianzia mahali pabaya.

Bidhaa inayotafutwa zaidi ni ya Kimarekani. Mtaala wa ACE ulianzishwa Texas mwaka 1970, na ule wa Abeka ulianza Pensacola, Florida, mwaka 1972. Tofauti yao ni kubwa kwa mnunuzi. Abeka inamtaka mzazi asimame afundishe kama mwalimu darasani. ACE inamwachia mtoto kijitabu ajisomee na kujaza majibu, mzazi akisimamia na kusahihisha. Kwa mzazi anayeshinda kwenye kibanda cha samaki, ACE inaonekana nafuu kubwa.

Nafuu hiyo ina bei yake. Kila somo la ACE hugawanywa katika vijitabu 12 kwa mwaka. Masomo matano ya msingi ni vijitabu 60. Kwa hiyo kila dola moja ya bei ya kijitabu kimoja ni dola 60 kwa mwaka, na kwa viwango vya dola vilivyoonekana mwaka 2025, kati ya Sh. 2,400 na Sh. 2,700 hivi, hiyo ni Sh. 144,000 hadi Sh. 162,000. Kijitabu cha dola mbili ni mara mbili ya hapo, cha dola tatu mara tatu. Vitabu vilivyochapwa havitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini nauli ya mzigo haina huruma, na karatasi ni nzito.

Tena vijitabu hivyo huandikwa ndani. Mtoto wa kwanza akimaliza, mdogo wake hana cha kurithi. Mzazi ananunua upya. Wenye watoto watatu wanaelewa maana yake. Anayeuziwa seti iliyotumika, labda na familia ya kigeni inayofungasha kurudi kwao, afungue kurasa kabla ya kutoa fedha, na aulize kitabu cha majibu kiko wapi. Seti isiyo na majibu humgeuza mzazi kuwa mwanafunzi.

Hata hivyo, gharama kubwa zaidi haimo kwenye boksi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kupitia shule iliyosajiliwa. Mtoto aliyekaa nyumbani na vijitabu vyake, hata awe hodari namna gani, hana dawati katika chumba hicho cha mtihani. Baadaye kuna Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, ambao humwezesha aliye nje ya sekondari ya kawaida kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mlango halali, lakini haukuwekwa kumpa mzazi ruhusa ya kuruka shule ya msingi. Mwenye cheti cha nje atalazimika kukipeleka Baraza la Mitihani kitafutiwe ulinganifu na vya hapa.

Mwenye uwezo anayetaka mtaala wa kigeni wenye mtihani unaojulikana ana njia nyingine mjini: Isamilo, shule ya tangu 1956, hufundisha kwa mtaala wa Cambridge. Hata wamisionari wa Africa Inland Mission, ambao wengi hudhani ndio walioleta desturi ya kusomesha nyumbani, walikuwa na shule yao ya bweni Kijabe, Kenya, tangu mwaka 1906.

Kwa mzazi wa kawaida wa Kigongo, seti yenye faida imo nchini. Mtaala mpya wa Tanzania ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, ukiwemo wa darasa la kwanza na la tatu, na vitabu vyake vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Vinaweza kusomwa bure katika maktaba ya mtandao ya Taasisi hiyo, pamoja na kiongozi cha mwalimu, kwa mwenye simu na bando. Nakala ya karatasi hurithiwa na mdogo mtu, kwa kuwa mazoezi huandikwa kwenye daftari. Anayeuziwa vitabu vya bei ya kutupa aangalie ni vya mtaala upi: cha mtaala wa zamani hakina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mtoto wa darasa la tatu aliyeanza mwaka 2024 alilihitaji. Seti ya Marekani hailijui kabisa. Humo kuna marais wa Marekani, inchi na galoni.

Upande wa imani gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Biblia ya Kiswahili, iwe Union Version ya mwaka 1952 au Habari Njema, ni ya kununuliwa mara moja na kusomwa na nyumba nzima, na Maarifa ya Biblia ni somo ambalo Baraza la Mitihani limekuwa likilitahini kidato cha nne. Mtoto akienda shule asubuhi, jioni inatosha kwa Biblia na twisheni ya nyumbani. Hapo ndipo vijitabu vya kigeni vinapofaa: vichache, vya Kiingereza hasa, kwa mtoto anayekaribia sekondari ambako masomo ni kwa lugha hiyo. Vijitabu 12 vya somo moja badala ya 60, na anayeagiza aulize kwanza kama muuzaji anakubali kuuza kimoja kimoja.