Je, Wajua? Si kila mkate wa kahawia ni wa ngano isiyokobolewa

Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba za nje, kiini kinachoota, na sehemu ya ndani yenye wanga mwingi. Ngano inapokobolewa ili kupata unga mweupe, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini B na madini. Ndiyo maana nchi kama Kenya, tangu 2012, zinawataka wasagaji waongeze madini ya chuma na vitamini kwenye unga wa ngano. Nyuzinyuzi, hata hivyo, hazirudishwi.

Rangi peke yake haitoshi kuutambua mkate bora. Baadhi ya mikate hutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, ikaonekana ya kahawia ilhali unga wake ni mweupe. Jibu liko kwenye karatasi ya mkate: viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Cha kwanza kikiwa “unga wa ngano isiyokobolewa”, mkate huo ni wenyewe. Sukari ikitajwa mapema, ni vyema kuuacha.

Chumvi nayo iangaliwe, kwani Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na mkate huchangia.

Mkate pekee si mlo kamili. Vipande viwili viliwe na yai au maharage, mboga za majani na tunda.