Lubumbashi: Pesa ya Mzee na Mikono Inayoipitia

Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pesa ya mstaafu hupita kwa wengi kabla ya kumfikia mwenyewe: mtoto anayemshikia simu, wakala wa kabine (kibanda cha pesa za simu), mkopeshaji wa mtaani, pengine ndugu anayemtunzia hati za parsela (kiwanja). Mmoja tu kati yao asipokuwa mwaminifu, mzee hulala njaa. Benki na kampuni za simu zinazotaka kukua mjini hapa zina sababu ya kibiashara ya kuulinda mlolongo huo.

Mji wenyewe ulikua kwa mishahara ya kampuni moja ya madini. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Pamoja na mshahara, mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na matibabu. Kampuni ilipoanguka, malipo yalichelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa kiinua mgongo ili waondoke "kwa hiari". Watu waliozoea kupangiwa kila kitu wakajikuta na fungu la mara moja, bila mshauri, huku ndugu na wafanyabiashara wakijua wamepokea nini. Mwaka 2009 baadhi yao walifikisha malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la benki hiyo. Leo waliobaki ni wazee, na kwa wengi mali kubwa ni nyumba.

Pensheni isipotosha au ikichelewa, jirani wa karibu ni "Banque Lambert", jina ambalo Wakongo wamewabandika wakopeshaji wasio na leseni. Riba ya nusu ya deni kwa mwezi mmoja haishangazi mtu. Dhamana huwa kadi ya benki pamoja na kode (namba ya siri) yake, au hati za parsela. Anayeshika kadi hujilipa kwanza kila malipo yanapoingia, na mzee hukopa tena ili ale. Sheria inawataka wenye kufanya biashara ya mikopo midogo wapate kibali cha Benki Kuu ya Kongo, na Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayenyonya shida ya mkopaji kwa riba. Ila mkataba wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha mahakamani.

Simu imepunguza foleni na safari. Kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, mama wa Katuba au Ruashi hupokea pesa ya mwanawe bila kupanda basi. Lakini asiyeona vizuri au asiyejua kusoma humpa mwingine simu na kode kwa pamoja, na hapo benki yake yote imehama mkono. Tapeli naye hupiga: "Mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie." Huduma iliyojengwa kwa mtumiaji mmoja, kode moja, haimtambui msaidizi, kwa hiyo haiwezi kumhoji.

Nyumbani kuna hatari nyingine. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi na kumhifadhia mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba ya ndoa. Hata hivyo, ukoo ukifika matangani na kudai funguo, mjane asiye na karatasi mkononi hana nguvu ya kubishana.

Kenya imetoa funzo dogo: katika mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wenye umri wa miaka 70 na zaidi, mzee asiyeweza kwenda mwenyewe husajiliwa pamoja na mlezi anayejulikana kwa jina. Benki za Lubumbashi zingeweza kwenda mbali zaidi: prokirasio (idhini ya uwakilishi) yenye kikomo cha kiasi na tarehe ya kuisha, ujumbe wa pili kwa mtoto mwingine kila pesa inapotolewa, na mkopo mdogo halali wenye dhamana ya pensheni, usiohitaji kadi kuachwa kwa mtu. Mzee anayeamini kwamba pesa yake haitaguswa huiacha kwenye akaunti, na amana hiyo ndiyo ambayo benki huikopesha. Asiyeamini huitoa yote siku ileile, na Banque Lambert humngoja nje.