Nyeupe Inapoonekana Njano

Kadi ya harusi imekamilika, majina yamekaa sawa, waridi za pembeni zimetulia. Lakini mandhari ya nyuma uliyoijaza rangi nyeupe inaonekana njano, kama shuka lililokaa sandukuni miaka. Ukifungua faili hilohilo kwenye simu, ni nyeupe pe.

Tafadhali, usiiguse rangi bado. Niliwahi kuongeza buluu mpaka macho yangu yakaridhika, kadi zikarudi kutoka kwa mchapaji zimetiwa ubuluu kama nguo zilizozidishiwa nili, na bibi harusi akalia. Picha haikuwa na kasoro hata chembe. Kasoro ilikuwa njiani, kati ya picha na kioo.

GIMP uliyoitumia, programu huria ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis wakiwa wanafunzi Berkeley, Marekani, haipeleki namba za rangi kwenye kioo zikiwa ghafi. Huzipitisha kwanza kwenye profaili ya rangi, yaani faili dogo linaloeleza jinsi kioo chako kinavyotoa rangi. Windows huweza kujiwekea profaili ya mtengenezaji wa kioo bila wewe kujua, na nyingine ni mbovu. GIMP huitii. Programu nyingi za kutazamia picha haziijali, kwa hiyo zinaonyesha nyeupe, na lawama zinaiangukia GIMP. Naona si haki.

Hakikisha hivi: bonyeza herufi O upate kidonoa rangi, shikilia Shift, kisha bofya pale penye unjano. Kidirisha kikisoma 255 kwa nyekundu, 255 kwa kijani na 255 kwa buluu, hiyo ni nyeupe kamili, macho yaseme yatakavyo. Sasa nenda kwenye mapendeleo, ukurasa wa usimamizi wa rangi, uondoe alama panapoagiza kutumia profaili ya kioo ya mfumo. Unjano ukitoweka, mkosaji umempata. Ifute profaili hiyo kwenye mipangilio ya rangi ya Windows na uweke profaili ya kawaida ya sRGB badala yake. Anayeishi kwa kazi hii atafute kifaa cha kupimia kioo. Ndicho kinachotengeneza profaili ya kuaminika.

Si unjano tu unaodanganya macho. Mistari myembamba ikionekana imekatikakatika, bonyeza 1 uitazame kwa asilimia 100 kabla ya kuichora upya. Visanduku vya zana vikipotea vyote kwa mpigo, huenda kidole kimegusa Tab, iguse tena.

Miraba myeusi inayozuka baada ya kuweka madoido mara nyingine hutokana na OpenCL, njia ya kuikabidhi kadi ya michoro sehemu ya hesabu. Izime OpenCL, ufungue programu upya, urudie madoido yaleyale. Ikizuka tena, hifadhi faili na ulifungue kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana na huko, basi imo ndani ya picha yenyewe.