Fremu Zilizobaki Mjini

Nilifika nyumbani Mtopanga saa tano usiku, nikachomeka diski kwenye kompyuta ya mezani, nikafungua folda ya matokeo. Tupu! Fremu 750 za tangazo la sekunde 30, nilizokuwa nimezitazama zikirendiwa moja moja studioni kule mjini, hazikuwemo.

Programu niliyotumia, Blender, ilikuwa imenitii barabara. Nyumbani diski yangu husomeka kama E, na njia ya kutolea picha nilikuwa nimeibandika kwa mkono ikiwa njia kamili, inayoanzia kwenye herufi hiyo: E:/kazi/tangazo/fremu. Studioni, E ilikuwa diski ya mwenyeji wangu, na yangu ikapewa herufi G. Blender haikuuliza kitu. Iliunda folda zote zilizotajwa ndani ya diski ya wenyewe, ikazimwaga picha humo.

Video nilizoingiza hazikusumbua, kwa sababu kwa kawaida Blender yenyewe huziwekea njia egemezi, isiyotegemea herufi ya diski. Na hapa ndipo njia ya kutolea inapoogofya kuliko ya kuingizia. Video ikikosekana, utaona pengo papo hapo. Picha zikienda kusikotakiwa, kila kitu huonekana kimekwenda sawa mpaka uzitafute.

Mgeni akija kwangu simpi nambari ya nyumba. Namwambia: ukishuka stejini, shika uchochoro wa msikiti, nyumba ya tatu, geti la buluu. Maelezo hayo yanaegemea pale atakaposhukia, na njia egemezi nayo huanzia pale faili ya mradi ilipo, hata diski ikibadilishwa herufi mara kumi. Kwenye Blender, mikwaju miwili mwanzoni mwa njia ndiyo husema “hapa mradi ulipo”. Kwa hiyo ningeandika //fremu/tangazo_####. Zile alama nne za reli ni nafasi za tarakimu: fremu ya kwanza itaitwa tangazo_0001, ya mwisho tangazo_0750. Kama matokeo yako folda moja juu, nukta mbili zinakupandisha: //../matokeo/tangazo_####.

Nuke, programu nyingine ya kazi hizi iliyozaliwa katika kampuni ya Digital Domain mwaka 1993, ina utaratibu wake. Kwenye mipangilio ya mradi kuna nafasi ya folda ya mradi, na kitufe cha kuifanya iwe ileile yenye skripti. Ukishakibonyeza, nodi ya Write unaiandikia njia fupi tu. Tumia mkwaju wa kulalia mbele hata kwenye Windows, kwani ule wa kulalia nyuma Nuke huusoma kama alama ya amri. Programu ya Fusion nayo hutumia neno Comp: mwanzoni mwa njia.

Hifadhi mradi kabla ya yote. Mradi ambao haujahifadhiwa hauna “hapa”, kama mgeni asiyejua ameshushwa steji gani.

Siku hizi, kabla sijavuka daraja la Nyali kwenda mjini kurendi kwa watu, nanakili folda nzima ya kazi mahali pengine, naibadilisha jina folda ya awali, nafungua mradi kutoka kwenye nakala, narendi fremu moja. Kisha naitafuta. Ikiwa ndani ya nakala, nachomoa diski na kwenda stejini. Ikiwa kwingine, kuna njia kamili imejificha kwenye nodi fulani, na ni afadhali niisake nikiwa bado nyumbani.